Tamati Iliyotenguliwa

Mshairi akishatia ubeti wa kaditamati, huwa amefunga ahadi na wasikilizaji wake. Aweza kutunga shairi jingine, aweza hata kujijibu mwenyewe. Lakini lile la kwanza limekwisha, na kwisha kwake ndiko kunakoyapa uzito maneno yaliyotangulia. Je, kanuni hii inamfunga mshairi peke yake, au inamfunga kila anayesimulia? Swali hilo laweza kupimwa hata pasipotazamiwa: katika sinema za kutisha za Marekani, zile ambazo muuaji mmoja huwaandama watu kwa kisu kutoka filamu moja hadi nyingine.

Mfululizo wa Halloween ulianza mwaka 1978. Kwa fedha zisizofika dola 400,000, mwongozaji John Carpenter alisimulia kisa cha Michael Myers, aliyemuua dada yake angali mtoto wa miaka 6. Baada ya miaka 15 anatoroka kizuizini, anarudi mjini kwao, anavaa kinyago cheupe na kumwandama msichana aitwaye Laurie Strode. Mwishoni anapigwa risasi, anaanguka kutoka ghorofani, na anapotazamwa pale chini hayupo. Mlango wa kisa uliachwa wazi kwa makusudi, ili mtazamaji arudi nyumbani akijua kwamba uovu hauishi kwa risasi. Ulikuwa ukweli mchungu, lakini ulisemwa bila hila.

Mwaka 1998 filamu ya saba ilileta mwisho wa namna nyingine. Laurie, aliyekuwa amejificha chini ya jina la bandia, anakataa kukimbia tena. Anamkuta adui yake amebanwa na gari. Adui anamnyooshea mkono mithili ya mwombaji. Naye anasita kidogo, kisha anamkata kichwa kwa shoka. Mtu aweza kukihoji kitendo kile, ila hawezi kudai kuwa hakina maana. Mwanamke aliyeishi kwa hofu ameishika hatima yake kwa mikono yake.

Kisha mwaka 2002 ikaja ya nane, Halloween: Resurrection, iliyoongozwa na Rick Rosenthal. Mapema tu watazamaji wanaarifiwa kwamba aliyekatwa kichwa hakuwa Michael Myers. Alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, aliyepondwa koromeo asiweze kusema, kisha akavishwa kinyago. Laurie yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na haipiti muda anauawa. Baada ya hapo kisa kinawageukia vijana waliotiwa katika nyumba ya zamani ya muuaji wakiwa na kamera, ili watazamwe kupitia intaneti.

Wengi waliilaumu filamu hiyo kwa udhaifu wa fani: mzaha usiochekesha na vitisho visivyotisha. Lawama hizo ni za haki, lakini ni ndogo. Filamu dhaifu humpotezea mtu saa moja na nusu. Hii iliingia ndani ya filamu iliyoitangulia na kubadili kilichotendeka humo. Mkono ule ulionyooshwa umekuwa wa mtu asiye na hatia, aliyekuwa akiiombea roho yake. Ushujaa wa Laurie umegeuzwa mauaji. Na marehemu mwenyewe hakupewa hata dakika ya maombolezo; alitumiwa kama mlango wa nyuma wa kumpitisha muuaji, kisha akasahauliwa. Simulizi inayowafanyia watu hivyo haiwezi tena kudai kwamba inamwogopesha mtazamaji kwa sababu uhai una thamani.

Wapo watakaomtetea mwenye mali. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria na mtayarishaji wa mfululizo huu hadi alipouawa kwa bomu mjini Amman mwaka 2005, hakutaka Michael Myers afe. Ni yeye huyo aliyeongoza The Message, ya mwaka 1976, ihusuyo kuja kwa Uislamu, ambamo Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Alijua, basi, kwamba si kila kinachowezekana katika sinema kinafaa kufanywa.

Watazamaji nao wana fungu lao la lawama. Mwaka 1982 filamu ya tatu ilijaribu kusimulia kisa kingine kabisa, pasina muuaji yule. Ikakataliwa, na mwaka 1988 akarudishwa. Anayedai mhusika mmoja milele asishangae akinyimwa mwisho.

Mwaka 2018 watunzi wapya walifuta yote isipokuwa filamu ya kwanza, wakamrudisha Laurie akiwa hai. Na mwaka 2022 muuaji akasagwa mashineni mbele ya watu wa mji. Mwisho ulio wazi kuliko huo ni vigumu kuubuni. Hata hivyo, aliyewahi kuona kichwa kikianguka, kisha akaambiwa kwamba hakuona alichokiona, ana haki ya kutosadiki. Usadiki wa msikilizaji ni amana. Mwenye kuitumia amana hiyo mara moja kwa faida yake huikuta haipo siku anapotaka kusema kweli.