Nani Alimpa Mwenzake Maji?



Anayeijua Buhongwa anayajua mawe yake. Ukiiacha barabara kuu ya Shinyanga ukaanza kupanda mtaani kwetu, ni changarawe, kona, mawe, halafu changarawe tena. Nyumbani ni karibu na kilele. Mwaka niliomaliza kidato cha nne huko juu hapakuwa na bomba. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kushuka na Phoenix ya baba hadi kisimani bondeni, kufunga madumu mawili kwenye keria kwa mpira wa tyubu, na kupanda nayo. Lita 40, yaani kilo 40. Wenzangu wote wakifika kwenye mwinuko walishuka na kukokota. Mimi sishuki! Nilisimama kwenye pedeli nikakanyaga mpaka juu, watoto wakinishangilia. Nikajiona bingwa.

Mwaka huohuo tulikuwa na uchaguzi wa viongozi wa vijana kigangoni. Niligombea uenyekiti, nikashindwa kwa kura tatu. Aliyenishinda ni jirani yetu, tena tulipata Komunyo ya kwanza siku moja. Nilimpa mkono mbele za watu, nikatabasamu, lakini moyoni nilishafunga mlango. Miezi mitano sikumsalimia. Tukikutana kwenye mlima ule nilikuwa nakaza nimpite, nimwachie vumbi. Na Jumapili nilipanga mstari wa Komunyo kama kawaida, mikono nimeikunja vizuri kabisa.

Asubuhi moja ya Septemba, jua kali, kisima kimepungua, nikachota kwa foleni ndefu. Mama alikuwa amejifungua wiki ile, kwa hiyo maji yalikuwa yanasubiriwa. Kwenye kona ya mwisho cheni ikakatika. Baiskeli ikarudi nyuma, nikaanguka nayo, dumu moja likapasuka kwenye jiwe. Nikabaki nimekaa chini, goti linavuja damu, naangalia maji yanavyonywewa na changarawe.

Nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka!" Nilijua sauti. Sikugeuka.

Akaegesha yake, akaja. "Pole ndugu yangu. Shika usukani, mimi nasukuma."

"Niache tu, nitafika."

"Utafika na dumu moja? Na mama mzazi yuko ndani?" Akafungua dumu moja kwenye keria yake, akalifunga kwangu. "La kwetu lipo la jana."

Basi tukapanda. Mimi mbele naongoza, yeye nyuma anasukuma, hatuongei. Jina la kabila letu linatokana na neno la kaskazini, lakini asubuhi ile nilielewa maana nyingine ya kuwa Msukuma. Tulipofika mlangoni nikamwambia, "Nisamehe." Akauliza, "Kwa ajili ya dumu?" Nikasema, "Kwa ajili ya uenyekiti." Jamaa akacheka. "Kumbe ulinikasirikia? Mimi nilidhani una haraka tu!"

Wiki iliyofuata dada yake akanidokeza kwamba siku ile kwao hapakuwa na maji ya jana.

Baadaye nilikutana na habari za Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia, mwendesha baiskeli aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1938 na 1948. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alificha nyaraka ndani ya bomba za baiskeli yake, akazisafirisha ili Wayahudi waliokuwa wanawindwa waokoke. Alikuwa na mpinzani mkubwa, Fausto Coppi, na Italia nzima iligawanyika: wa Bartali huku, wa Coppi kule. Kuna picha maarufu ya mwaka 1952, wawili hao wanapanda milima ya Alps, na chupa ya maji iko katikati, mikononi mwao. Mpaka leo watu wanabishana ni nani alimpa mwenzake. Kila upande unataka mtu wake awe ndiye mtoaji.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Wote tunataka kuwa mtoaji. Kupokea kunatuumiza, hasa kutoka kwa mtu tuliyemnunia. Sasa msome Yesu katika Yohane sura ya 4. Amechoka na safari, jua la saa sita, ameketi kisimani. Kabla hajazungumzia maji ya uzima, anaomba maji ya kunywa, tena kwa mwanamke Msamaria, wa watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao. Mwana wa Mungu hakuona aibu kuomba. Mimi wa Buhongwa niliona aibu kushuka kwenye baiskeli!

Siku hizi kwetu kuna bomba. Maji hayapandi mlima yenyewe: pampu huyasukuma kutoka ziwani mpaka kwenye tenki kileleni, kisha yanateremka kwa mserereko, nyumba kwa nyumba. Neema ni hivyo hivyo. Haitokani na nguvu za miguu yangu. Inatoka juu, na kazi yangu ni kufungua koki. Kinyongo ndicho kinachoifunga.

Kijana mwenzangu, kabla ya Misa ya Jumapili hii soma Mathayo 5, aya ya 23 na 24. Halafu jiulize: ni nani ninayempita nikimwachia vumbi? Usisubiri cheni ikatike. Mpigie simu leo. Ukishindwa kuanza, mwombe msaada wowote mdogo. Kuomba nako ni njia ya kufungua mlango.

Tusali: Ee Yesu, uliyechoka ukaomba maji, nishushe kwenye kiburi changu. Nipe moyo wa kupokea kutoka kwa yule nisiyemtaka, na miguu ya kumfuata yule niliyemwacha nyuma. Amina.