Makoo Matatu Yaliyogeuka Umati

Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa bila shaka walikuwa pwani, wakitazama jahazi. Jicho huona tanga lililotuna na omo linalopasua maji. Halioni misumari wala kalafati, wala fundi aliyeinama miezi kadha juu ya mbao moja moja huku jasho likimtiririka. Leo, msomaji mwenzangu, nakuomba tuketi pamoja tutazame chombo cha namna nyingine, kisicho na mbao wala msumari, kilichoundwa kwa pumzi za watu na ambacho kimekuwa kikielea hewani tangu mwaka 1975. Ni wimbo. Jina lake Bohemian Rhapsody, waliouimba ni bendi ya rock ya Uingereza iitwayo Queen, na urefu wake ni dakika 5 na sekunde 55.

Nakiri kwamba siku ya kwanza kuusikia nilidhani redio imeharibika. Ulianza kwa sauti tupu za watu, zimeshikana kama kwaya ya kanisani kabla kinanda hakijaamshwa. Ikaingia piano, ukawa wimbo wa majonzi wa kijana anayemwungamia mama yake kwamba ameua. Gitaa likaja kumlilia. Mara, bila hodi, pakazuka zogo la jukwaa la opera, umati ukibishana, hawa wakitaka aachiwe, wale wakikataa katakata. Nilinyoosha mkono nigeuze kitufe, nikiamini stesheni mbili zimepandana. Kabla sijakifikia, ngoma na magitaa yakapasuka kama radi ya masika, kisha vyote vikanywea, vikairudia huzuni ya mwanzo, na mwishowe upatu mkubwa ukagongwa mara moja. Ndipo nilipofahamu kwamba ulikuwa wimbo mmoja. Hauna kiitikio cha kumpa msikilizaji pa kushika, na bado mtu akishausikia mara tatu huujua wote kama anavyoijua njia ya kwao.

Mtunzi wake ana kitovu chake katika visiwa vyetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi wenye asili ya India, baba yake akiwa mtunza fedha katika serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, huko akajifunza piano. Akarudi Unguja katika ujana wake, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Freddie Mercury. Tusimfanye Mzanzibari zaidi ya alivyojifanya mwenyewe, maana hakuwa mwepesi wa kuuzungumzia utoto wake, na muziki wake ni wa Uingereza. Lakini Mji Mkongwe ni mahali ambapo adhana na kengele za kanisa hupishana juu ya mapaa yaleyale, na wenyeji hawaoni ajabu. Na katikati ya ile opera yake, pale zogo linapochacha, linasikika neno la Kiarabu ambalo mtoto wa Kiislamu wa Unguja hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Sisemi alilitoa wapi. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Kiswahili akilifikia hapo hutabasamu, kama mtu aliyekutana na jirani yake katika soko la ugenini.

Roy Thomas Baker, mtayarishaji wa rekodi hiyo, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoupokea wimbo huu kwa mara ya kwanza. Mercury aliketi kwenye piano nyumbani kwake, akampigia sehemu ya mwanzo, kisha akasita na kumweleza kwamba hapo ndipo opera inapoingia; halafu wakaenda zao kula. Opera yenyewe haikupigwa. Ilikuwa imelala kichwani mwa mtu mmoja, kamili au karibu na kamili, kama mnazi ulivyolala ndani ya nazi, na wenziwe hawakuwa na namna ya kuuona ila kumwamini mwenye nazi.

Kurekodi kulianza tarehe 24 Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na mji wa Monmouth huko Wales, mahali palipokuwa shamba la mifugo kabla ya kuwa makao ya muziki. Kazi ikamaliziwa katika studio nyingine kadhaa. Opera hiyo, ambayo mwanzoni ilitengewa nafasi ndogo tu kwenye kanda, iliendelea kunenepa kila Mercury alipokuja na wazo jipya, na Baker akawa anaunga kipande kingine cha kanda, na kingine tena.

Sasa tusogee karibu zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye ajabu yenyewe. Ule umati unaobishana, wenye sauti nyembamba za kutoboa dari na nene za kutikisa sakafu, ulikuwa watu watatu. Roger Taylor, mpiga ngoma, alizichukua sauti za juu kabisa, zile ambazo mwanamume wa kawaida akijaribu kuzifikia hukohoa. Brian May, mpiga gitaa, alishika za chini. Mercury alisimama katikati, akizibeba zote mbili kama mhimili unavyobeba paa. John Deacon, mwenye gitaa la besi, hakuimba. Basi ni makoo matatu tu, na katika kila koo nyuzi mbili za nyama, fupi kuliko kifundo cha juu cha kidole gumba, ambazo Muumba alizitandaza mlangoni mwa pumzi ya kila mmoja wetu, mwimbaji na asiyejua kuimba, ili kwa upepo uleule unaotuweka hai tuweze pia kubembeleza mtoto, kuita mvuvi aliye mbali na kulia msibani. Mara ngapi umezungumza leo tangu asubuhi bila kuzikumbuka?

Mashine ya kurekodi waliyoitumia ilikuwa na njia 24 za sauti. Waliimba mstari mmoja, wakarudi wakauimba tena juu ya ule wa kwanza, wakarudi tena. Tabaka hizo zikamiminwa pamoja katika njia chache ili nyingine zibaki wazi, na juu yake wakaanza kujenga upya. Inasemekana kuna mahali tabaka zilifika 180. Kwa takriban wiki tatu walishinda wakiimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, kwa ajili ya kipande kisichofika hata dakika moja na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilijazwa kwa chembe za pumzi, na pumzi haishikiki.

Kanda ikaanza kuchoka. Kanda ya aina ile ni utepe uliopakwa vumbi jembamba la chuma, na sauti hukaa ndani ya vumbi hilo. Kila inapopita mbele ya mashine husuguka kidogo. Hii ilipita mara nyingi mno. Waliokuwapo wamesimulia kwamba walipoinyanyua mbele ya taa waliona nuru ikipenya upande wa pili, maana vumbi lilikuwa limekwisha kulika. Nikilifikiria jambo hilo nawakumbuka washonaji wa kofia za Kizanzibari, wanaopitisha sindano maelfu ya mara katika kitambaa cheupe hadi ua litokeze, na ukiiinua kofia dhidi ya jua unaona mwanga katika vile vitundu vidogo. Huko nako uzuri umekaa palepale kitambaa kilipotobolewa. Siku moja zaidi ya kazi, pengine, na kanda ile isingebaki na kitu.

Gitaa nalo lina hadithi ambayo siwezi kuiruka. Brian May alilitengeneza mwenyewe akiwa kijana pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963, na shingo yake waliichonga kutoka ubao wa meko ya kizamani. Hulipiga kwa sarafu ya peni sita. Mti uliokuwa umeegeshwa juu ya moto kwa miaka na miaka, ukatulia pale ukipokea joto, kumbe ulikuwa ukingojea kuimba.

Wimbo ukakamilika, na hofu ikaanza. Wenye kuuza santuri walisema ni mrefu mno. Redio za siku zile zilipenda nyimbo za dakika tatu hivi, na huu ulikuwa karibu maradufu. Bendi ikakataa kuukata. Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, alipewa nakala kabla haijatolewa, kwa makubaliano ya kukonyezana kwamba asiipige hewani. Akaipiga mara 14 katika siku mbili. Wasikilizaji wakaanza kuingia madukani kuulizia santuri ambayo maduka hayakuwa nayo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Singo ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Kwa kuwa bendi ilikuwa ikijiandaa kwa ziara, tarehe 10 Novemba mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga picha za filamu huko Elstree, kwa saa chache tu, ili televisheni iwe na cha kuonyesha. Itazame video hiyo ukipata nafasi: nyuso nne gizani, zimeangaziwa kutoka juu, kisha kioo cha kamera kinazizidisha, uso mmoja unakuwa nyuso nyingi zinazofuatana kama vivuli majini. Yaliyofanywa kwa makoo yakafanywa kwa nyuso. Tarehe 29 Novemba wimbo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, ukakaa hapo wiki tisa, hadi ABBA walipouondoa kwa wimbo wao wa Mamma Mia. Na anayeijua opera ya Mercury neno kwa neno atacheka kidogo hapa, maana maneno hayo mawili yamo humo.

Walipouchukua jukwaani walikumbana na jambo ambalo naliona zuri kuliko sifa zote. Hawakuweza kuuimba wote. Ikifika opera, walitoka jukwaani, taa zikacheza, na kanda ikaimba peke yake. Waliporudi, walirudi na radi ya magitaa. Watu walewale watatu waliouzaa umati ule walilazimika kuupisha upite, kama wazazi wanavyosimama kando ya mlango siku ya harusi ya mwana wao.

Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwezi uliofuata singo ikatolewa upya, mapato yakielekezwa kwenye shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa huo, Terrence Higgins Trust. Ikapanda tena hadi nafasi ya kwanza, ikakaa wiki tano, na kwa mara ya pili ikawa juu siku ya Krismasi, miaka 16 baada ya ile ya kwanza. Rekodi ileile, pumzi zilezile. Koo lililokuwa mhimili limekwisha kunyamaza, na madirishani mwa Uingereza kijana anaungama kwa mama yake kana kwamba ameketi chumba cha pili.

Ukiusikiliza usiku, wakati nyumba imelala, usiuzime baada ya sauti ya mwisho. Ngojea ule upatu. Unagongwa kwa upole, unatandaa kama duara la maji lililoguswa na jiwe, unazidi kuwa mwembamba hadi huwezi kutofautisha mlio wake na ukimya wa chumba. Nimejaribu mara nyingi kukamata mahali hasa unapokoma, na kila mara hugundua kwamba nimekwisha kupapita, bado nimetega sikio.