Pamba Yenye Maji na Kisanduku cha Picha

Neno ninalotaka kulinena leo lilianzia nyumbani mwa jirani yangu hapa Bariadi, mkulima wa pamba, mtu wa bidii na mwenye sifa njema mtaani. Msimu ulipokwisha alinunua televisheni, na pamoja nayo kisanduku kidogo cheusi, ukubwa wake kadiri ya kitabu cha nyimbo. Jioni moja akatuita majirani tukione. Alishika rimoti, akabonyeza, na mara zikatokea filamu mia kwa mia: za Marekani, za Uhindi, za Korea, na za nchini mwetu pia. Akasema kwa furaha, "Zote hizi ni bure; fundi amekwisha kuzifungua." Ndipo mwanawe, mtoto wa darasa la sita, alipouliza, "Baba, kama ni bure, waliozitengeneza wanakula nini?"

Tulicheka sote, na filamu ikaanza. Nami sikuondoka, niliitazama hata mwisho, nikaifurahia. Kwa hiyo siandiki kama mtu asimamaye kando na kuwanyoshea wengine kidole, bali kama mmoja wa walioketi mkekani. Lakini swali la mtoto lilinifuata nyumbani, na tangu hapo sijaweza kuliweka chini. Je, kutazama picha ambayo mwenyewe hakulipwa ni wizi, au ni jambo dogo lisilostahili jina hilo zito?

Yafaa kwanza tukijue kisanduku chenyewe. Wengi wetu tumekizoea king'amuzi. Hicho kiliingia majumbani hasa tangu tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam. Na mwaka 2013 ikafuata miji mingine, Mwanza ikiwa mmojawapo. King'amuzi hupokea mawimbi kwa antena au kwa dishi, nacho huonyesha kile tu ambacho kituo kimeamua kurusha saa ile. Kisanduku hiki kipya, ambacho mafundi hukiita boksi la Android, hakingoji kituo. Huunganishwa na intaneti, mara nyingi kwa njia ya simu ya mwenye nyumba. Mtu huchagua filamu, nayo hutumwa kutoka katika kompyuta kubwa zilizo mbali, kipande baada ya kipande, ikitiririka mpaka kwenye kioo cha televisheni kama maji katika mfereji.

Kisanduku chenyewe hakina hatia, na njia za haki za kukitumia zipo. Ziko kampuni zinazotoza ada ya mwezi na kuwalipa wenye filamu. Netflix ya Marekani, kwa mfano, ilifungua mlango wake mwezi wa Januari 2016 kwa nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, nyingi za Afrika zikiwamo. Wako pia watengenezaji wanaoziweka kazi zao YouTube kwa hiari yao, azitazame atakaye, nao huweza kupata fungu katika fedha za matangazo. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni programu ambayo muuzaji huipachika ndani ya kisanduku, izifungue filamu za watu bila idhini yao na bila senti moja kuwafikia. Neno letu leo ni juu ya njia hii ya tatu peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imekwisha kuikataza. Lakini sisi hatuulizi hapa habari za faini, twauliza habari za haki.

Wanaoitetea njia hiyo wana hoja, nazo si za kipumbavu. Na tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza yasema: "Sikumnyang'anya mtu kitu." Mwizi wa ng'ombe akiingia usiku, asubuhi zizi ni tupu. Lakini nikitazama filamu, filamu ingali mahali pake, na mwenyewe hakupungukiwa. Hili ni kweli, wala tusilifiche. Nakala si ng'ombe. Ila tuulize, mwenye filamu alikuwa akiuza nini? Alikuwa akiuza kazi: miezi ya kuandika, siku za kupiga picha juani, ujira wa waigizaji, chakula na nauli za watu wake. Kibarua akipalilia shamba langu, nami nikamnyima ujira wake, jembe lake analo bado, na mfukoni mwake hakikutoka kitu. Je, yuko mzee wa mtaa atakayesema kwamba sikumdhulumu? Nilichokichukua ni jasho lake, na jasho halirudishwi.

Wala shauri hili halikuanza na intaneti. Mwaka 1525 Martin Luther alilalamika mbele ya watu wote juu ya wachapaji walioiba kazi yake. Alikuwa akitayarisha kitabu cha mahubiri. Sehemu yake ikaibwa katika nyumba ya kupiga chapa huko Wittenberg, ikapelekwa Nuremberg, ikachapwa kabla yeye hajamaliza. Tena katika mwaka uliotangulia, 1524, tafsiri yake ya Agano la Kale ilikuwa imetiwa alama mbili, mwanakondoo na ua la waridi, ili msomaji aitambue chapa ya kweli. Na tukumbuke ya kuwa Luther hakupokea malipo kwa vitabu vyake. Basi hakuulilia mfuko wake mwenyewe. Alimlilia mchapaji wa haki, aliyetoa gharama kisha akaona mwingine akivuna, na msomaji aliyeuziwa kitabu kilichojaa makosa. Hata yeye aliyetoa bure alijua jambo moja tunalolisahau sisi: neno "bure" ni la mwenye mali kulisema. Mchukuaji hawezi kulisema kwa niaba yake.

Hoja ya pili yasema: "Mimi nimelipa." Jirani yangu alilinunua boksi kwa fedha zake, akamlipa fundi, na kila juma hununua bando, tena bando si haba, kwa kuwa saa moja ya picha safi huweza kula gigabaiti tatu. Ni kweli amelipa, lakini amemlipa nani? Mtu akimlipa mwenye lori nauli ya kusafirisha robota za pamba mpaka Mwanza, je, amekwisha kumlipa mkulima? Amelipia njia, mali yenyewe haijalipiwa. Na ubaya wa jambo hili ni kwamba kila mtu njiani amepata chake: muuza boksi, fundi, kampuni ya simu. Aliyekosa ni mmoja tu, naye ndiye ambaye bila yeye wote hao wasingekuwa na kitu cha kubeba.

Hoja ya tatu ni ya wazee, nayo naiheshimu sana. Husema hivi: "Zamani tuliketi shikome, moto wa jioni, watoto wakasikiliza hadithi, wala hakuna aliyetoza ada. Hadithi ni ya watu wote. Mbona leo mwaigeuza kuwa bidhaa?" Nami nasema, ni heri jamii inayogawana hadithi zake bila kuuziana. Lakini tuangalie vizuri desturi ile ilivyokuwa. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ningi aliyetunga nyimbo alijulikana kwa jina lake, na watu walikwenda mwendo mrefu wamwone. Alituzwa, akalishwa, akapewa heshima. Na msimu wa kulima ulipofika alikuwa na shamba lake kama wengine. Naye mzee wa shikome alilishwa na mji ule ule uliomsikiliza, na uzeeni vijana aliowafundisha ndio waliomtunza. Malipo yalikuwapo, ila hayakupita katika noti. Mtengenezaji wa filamu hali katika mji wangu, wala mimi sitamtunza uzeeni. Nikimnyima ada, sina njia nyingine ya kumrudishia. Basi desturi ya shikome haitutetei. Yatuuliza tu ni kwa namna gani sisi tunamlisha msimulizi wetu.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: "Sisi ni maskini, na hao ni matajiri. Ada yao haikupangwa kwa kumfikiria mkulima wa Simiyu. Wao hutunyonya kwa bei. Nasi twajilipa wenyewe." Hapa siwezi kujibu upesi, kwa maana maskini hawezi kuambiwa tu, "Vumilia." Lakini naona ya kuwa watu wa nchi hii wamekwisha kulijibu swali hili zamani, tena kwa njia mbili.

Kabla ya miaka ya 1950 kupevuka, mkulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, naye mnunuzi ndiye aliyeshika mizani. Malalamiko yalikuwa mengi ya kwamba mizani huchezewa, na mtu huondoka akiwa amelipwa pungufu ya jasho lake. Wakulima wakaanza kuipima pamba yao wenyewe kabla ya kuiuza. Wakajiunga katika vyama, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho moja la ushirika lililoitwa Victoria. Lilikua hata likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Aliyepunjwa alisimama, akadai mizani ya haki, akaipata kwa kushirikiana na wenzake.

Njia ya pili sote twaijua, ingawa hatupendi kuitaja. Ni ile ya kutia maji katika pamba, au mchanga, ili uzito uongezeke. Nayo ilijitetea kwa maneno yale yale: "Mnunuzi huniibia kwa mizani, nami namwibia kwa maji." Matokeo yake yalikuwa nini? Mnunuzi mwerevu hakupata hasara; aliishusha bei tu. Pamba ikaoza, sifa ya mahali ikaharibika, na aliyeumia ni mkulima mwaminifu wa shamba la pili, aliyeanika pamba yake juani na kuichambua kwa mikono, kisha akalipwa bei ya pamba chafu. Wizi uliokusudiwa kumpata tajiri ulimpata jirani.

Ndivyo ilivyo kwa kisanduku. Kampuni kubwa ya ng'ambo haitalala njaa kwa sababu ya televisheni moja ya Bariadi. Lakini programu ile ile inayofungua filamu ya Marekani hufungua na ya Mtanzania. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto huko Kanada. Kazi ya namna hiyo haipikwi kwa siku moja. Watengenezaji wengi wa kwetu hawana mlolongo wa mawakili, wala hawana watazamaji wa mabara yote wa kufidia hasara. Wana sisi tu. Tayari katika siku za diski tuliona filamu za nyumbani zikinakiliwa vibandani mara zilipotoka, hata serikali ikaanza mwaka 2013 kuagiza stempu za kodi zibandikwe juu yake. Twalalamika kwamba picha zetu ni duni, na watoto wetu hujua mitaa ya Seoul kuliko vijiji vya Itilima na Meatu. Lakini ni nani atakayerudi mwaka ujao kutupigia picha za Itilima, ikiwa mwaka huu tulimvunia shamba lake usiku?

Mithali husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hatuwezi kuikasirikia mizani ya pamba mchana, na jioni kushika mizani ya namna ile ile mikononi mwetu kwa umbo la rimoti.

Basi yatupasa kufanya nini? Sisemi kila mtu avunje boksi lake, wala sisemi maskini akae gizani. Asiyeweza kulipa ada anazo filamu nyingi ambazo wenyewe wamezitoa kwa hiari, tena vipindi vya vituo vyetu. Anayeweza kulipa kidogo na alipe kwa mwezi mmoja wa mapumziko, kisha apumzike miezi mingine. Hakuna sharti la kutazama kila usiku. Nyumba inayolipa na iwakaribishe majirani waketi pamoja kama shikome ya zamani. Na bei ikiwa kubwa mno, tuseme ni kubwa mno, tuikatae, tuache kununua. Kukataa bei ni haki ya maskini kama ilivyo ya tajiri. Kuchukua bila kulipa ni jambo jingine.

Nilikwenda kwa jirani yangu nikamweleza haya. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Siku ile nawe ulitazama hata mwisho." Nikakiri. Tukakaa kitambo. Halafu akamwita mwanawe, akampa rimoti, akamwambia, "Tafuta zile ambazo wenyewe wamesema ni bure." Mtoto alichukua muda mrefu, na filamu aliyoipata haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, fundi wa sauti, nadhani, alikuwa bado anajifunza kazi. Lakini mwishoni majina ya waliotengeneza yalipopanda juu kiooni, yule mtoto aliyasoma yote kwa sauti, moja baada ya moja, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.