Kabla ya Kushika Maikrofoni

Wajukuu zangu wa kwaya, sauti mnazo, wala sina ugomvi na spika zenu. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano mpaka Mikali mkewe akamdharau, kwa hiyo mzee anayewakataza kurukaruka na atafute andiko lingine. Langu ni hili: ibada hupimwa nje ya kanisa, na mara nyingi hupimwa kwa haki ya mtu mwingine iliyo mikononi mwenu.

Amosi hakuwa kuhani. Alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, karne ya 8 kabla ya Kristo, akatumwa kwa watu waliojua kuabudu kwa shangwe. Zaka walitoa, vinanda walipiga, na Mungu akasema wamwondolee kelele hizo. Someni sura ya 8 mwone sababu: sabato haijaisha, wao wanawaza biashara, kipimo kilichopunguzwa, mizani ya uongo na makapi ya kumuuzia maskini.

Huku kwetu pia tuliona kinyume chake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba hadi Kenya, haukujulikana kwa nyimbo peke yake, ingawa waliimba kwelikweli. Watu walitubu hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Hata jirani asiyekanyaga kanisani alijua kuna jambo limetokea, maana mali yake ilimrudia.

Sasa ninyi. Fundi aliyewashonea sare za Pasaka hajamaliziwa pesa yake. Kila Jumapili anakaa nyuma, anaitazama kazi ya mikono yake ikicheza mbele. Mnadhani anabarikiwa? Na yuko mwenzenu asiyesemezana na mama yake mzazi, naye ndiye kiongozi wa sifa.

Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anasema ukikumbuka, umeshafika madhabahuni, kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka papo hapo, uende mkapatane kwanza. Yaani Mungu yuko tayari kungoja. Haraka ni yetu sisi wenye ratiba.

Mhazini, Jumamosi hii fungua daftari kabla ya mazoezi. Mpelekeeni fundi pesa yake yote, mmwombe radhi kwa kumchelewesha, ndipo mje muimbe.