Mkono wa Kushoto wa Mugwe

Ukisema unasoma anthropolojia chuoni, swali linalofuata ni lile lile: "Na hiyo itakupa kazi gani?" Mjomba aliniuliza hivyo mbele ya watu, nyama ikiwa bado motoni. Nikamjibu tunasoma binadamu. Akacheka: "Kwani hujakutana nao?"

Sawa. Lakini kwangu swali gumu si la kazi. Ni hili: ukishajua jambo la mtu, limekuwa lako?

Chukua Mugwe. Huyu hakuwa chifu. Kwa Wameru alikuwa mtu wa baraka, na kwa Waimenti nguvu ya baraka ilikuwa katika mkono wake wa kushoto. Mkono huo ulifichwa chini ya vazi, watu wasiuone.

Bernardo Bernardi, padre Mwitaliano wa Consolata aliyesomea pia anthropolojia, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1959, The Mugwe, a Failing Prophet. Yaani, nabii anayefifia. Mwaka uliofuata, Rodney Needham wa Oxford akachapisha makala nzima juu ya mkono ule, akitegemea yale ambayo wengine walikuwa wameandika. Akapanga jozi zake: kulia na kushoto, mchana na usiku, mamlaka ya wazee na mamlaka ya Mugwe. Ni makala kali, sikatai, niliisoma mara mbili. Ila fikiria: kitu ambacho jirani wa Mugwe hakuruhusiwa kukiona, kikawa somo la wanafunzi ambao hawatawahi kupanda matatu ya kwenda Meru.

Halafu kuna hilo neno "anayefifia". Inawezekana Bernardi aliandika alichokiona. Ukoloni ulikuwa umeshaleta machifu wake, makanisa na shule. Lakini padre akisema nabii wa wengine anafifia, una haki ya kuuliza nani alikuwa anapunguza mafuta kwenye taa. Mwaka 1989 kitabu kilitoka tena, safari hii Nairobi, na jina likawa A Blessing Prophet. Nabii anayebariki. Miaka thelathini kubadilisha neno moja!

Na bado, bila padre huyo mimi mtoto wa Embu nisingejua lolote kuhusu mkono huo. Hapo ndipo hasira yangu huishiwa nguvu. Ningependa asingeandika? Hapana. Ningependa aombe ruhusa? Kwa nani? Kwa Mugwe peke yake, au kwa kila aliyeinamisha macho ili asione?

Siku hizi tuna majibu ya karatasi. Kuna leseni ya NACOSTI, kuna fomu ya ridhaa, sahihi hapa, tarehe pale. Mwaka wangu wa kwanza tulipewa zoezi la kumhoji mzee kuhusu ndoa za zamani. Nikaenda kwa shosho, karibu na Runyenjes. Alisaini fomu bila kuisoma, kwa sababu nani anasoma fomu ya mjukuu wake? Tukaongea saa mbili, simu ikirekodi. Kisha akasema, "Zima hiyo kitu." Nikazima. Akaniambia jambo kuhusu dada yake na mbuzi wa mahari waliorudishwa, jambo ambalo mama yangu mwenyewe halijui.

Usiku ule niliandika yote kutoka kichwani. Jina nilibadilisha, kijiji nikakiondoa. Kwa sheria za darasani nilikuwa safi kabisa: simu ilizimwa kweli. Mwalimu aliandika pembeni kwamba sehemu hiyo ndiyo bora zaidi katika kazi yangu.

Najitetea hivi: ni historia, ingepotea, hakuna atakayemtambua. Needham angeweza kusema hayo hayo. Lakini shosho hakuambia anthropolojia. Aliniambia mimi, na aliniambia baada ya kuhakikisha chuo kimetoka chumbani.

Desemba nilirudi nyumbani. Akauliza, "Ile kazi ulipita?"

"Nilipita, shosho."

"Basi nisomee."

Nikafungua faili kwenye simu, nikamsomea polepole, nikitafsiri Kiembu kadiri nilivyoweza. Alicheka palipochekesha, akanisahihisha idadi ya mbuzi. Nilipofika ukurasa wa sita, nikaruka hadi wa nane.

Alinyamaza kidogo. "Ni fupi," akasema, kisha akaenda kuangalia githeri.