Kisanduku cha Sauti: Jawabu kwa Jamaa wa Kisii



Twaleta leo suala tulilopelekewa na jamaa wakaao mjini Kisii, watoto wa mtu wa pwani aliyehamia huko zamani akawa fundi wa redio. Baba yao amefariki. Katika vitu alivyoacha wameona tepu rekoda ndogo ya rili, ya kutoshea katika mfuko wa koti, na rili saba za kanda. Marehemu aliipenda mashine ile, akaitengeneza na kuitumia hata baada ya simu za mkononi kuenea. Walipoziweka rili wakasikia sauti za wateja waliokuwa wakizungumza kibandani bila ya kujua kuwa wananaswa. Katika moja, jirani akiri deni alilomkana marehemu mbele za watu. Katika nyingine, mtu amtaja bibi mmoja mtu mzima wa upande wa Nyamira, ambaye yu hai, kwamba ni mchawi. Watoto watuuliza: tuzisikilize zote? Ya deni tuitoe? Na ya bibi tuifanyeje?

Kwanza tuijue mashine yenyewe, kwani si haki kukihukumu kitu tusichokijua. Kanda ni utepe mwembamba uliopakwa vumbi la chuma. Sauti hugeuzwa kuwa nguvu za umeme, nazo huacha alama za sumaku katika lile vumbi. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyekaa Uswisi, alitengeneza mashine ya kuchukulika akaiita Nagra, yaani kwa Kipolandi, kitanasa. Mwaka huo huo Ujerumani walitoa Minifon, iliyonasa katika uzi wa chuma badala ya kanda. Ama Nagra SN, iliyo ndogo kuliko hizo Nagra nyingine, iliagizwa kwanza na Wamarekani wakati wa Rais Kennedy kwa kazi za ujasusi. Basi wengine walitaka chombo cha kwendea mashambani kuhifadhi nyimbo na maneno ya wazee, na wengine walitaka chombo cha kuficha ndani ya nguo. Ni kazi moja, nia mbalimbali. Mchezaji obokano wa Kisii akikuruhusu unase nyuzi zake nane, umehifadhi ilimu. Ukimnasa yeye yule akilalamika juu ya mkwewe, hapana ilimu uliyohifadhi hapo.

Sasa tuje kwenye suala. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 12, amekataza mambo matatu kwa pamoja: dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tazameni yalivyofuatana. Mtu hudhani, kisha hupeleleza ili aithibitishe dhana yake, kisha huyachukua aliyoyapata akayatembeza. Na imesimuliwa katika vitabu kwamba Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, alisikia kelele usiku ndani ya nyumba, akaparamia ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia kuwa yeye amekosa moja, lakini Umar amekosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na ameingia bila ya kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha. Ikiwa Amiri wa Waumini hakupewa ruhusa ya kupanda ukuta, fundi wa redio ataipata wapi? Na mashine hii ni ukuta uliokwisha kupandwa: mwenye nyumba hata haoni kama umo ndani.

Twajua wako watakaosema: Je, na dhulma? Hapa yataka uangalifu. Wanavyuoni wameruhusu aliyedhulumiwa kumtaja aliyemdhulumu mbele ya hakimu. Hapa kwetu Kenya, John Githongo, aliyekuwa Katibu wa serikali katika mambo ya maadili tangu 2003, aliwanasa wakubwa kwa siri katika jambo la mikataba ya Anglo Leasing, akajiuzulu mwaka 2005, na mwaka 2006 sauti zikatangazwa. Mawaziri waliotajwa walikanusha. Sisi twaona mtu anayelinda mali ya umma hawi sawa na anayetega mtego kwa mteja wake. Lakini hata huyo wa kwanza atauliziwa kila neno alilotoa lisilohusu mali hiyo.

Na kanda hukatika. Fundi yeyote wa zamani alijua kuikata kwa wembe na kuiunga, likatoka neno asilolisema mtu. Hufutika pia: katika kanda za Rais Nixon wa Marekani zilikosekana dakika kumi na nane na nusu za mazungumzo, na mwaka 1974 alijiuzulu. Siku hizi sauti nzima hubuniwa kwa kompyuta. Sauti hufanana na sauti. Shahidi hulishwa kiapo, kanda hailishwi.

Kwa hivyo juu ya deni twasema hivi. Kosa la kwanza ni la marehemu, Mungu amrehemu, kwa kutoandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yazungumza juu ya kuandikiana deni. Msiende kwa kadhi, kwani Katiba ya 2010 imempa ndoa, talaka na mirathi, si madeni. Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 31, yalinda siri za mtu. Mwendeeni jirani kwa salamu, bila ya kanda wala kuitaja. Mkiwa na mashahidi, waiteni. Mkiwa hamnao, na akane, kiapo ni juu yake.

Ama rili ya yule bibi, hapa hatuna upole. Mwezi wa Mei mwaka 2008, pande hizo hizo za Kisii na Nyamira, watu wapatao 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto kwa kuitwa wachawi. Ilisemekana kuwa daftari limeokotwa katika skuli, ndani yake mna maandishi ya mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari tu! Hapana aliyeuliza nani kaliandika. Mwezi wa Oktoba 2021, Marani, akina mama wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma kama hiyo. Basi fikirini: ikiwa daftari lisilo mwenyewe lilitosha, itakuwaje sauti ya mtu ajulikanaye kijijini, imtajayo bibi kwa jina lake? Na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba. Ifuteni leo. Iwekeni mashineni mnase juu yake kimya, toka mwanzo hata mwisho, kisha ichomeni. Msimsimulie mtu, wala msimwonye bibi kwa njia itakayotangaza jambo. Nyingine tano zisisikilizwe, zifuteni kadhalika. Kufa kwa mpelelezi hakuhalalishi upelelezi kwa warithi wake.

Tulipokuwa tukimaliza kuandika, walitujibu. Rili sita zimefutwa. Ya deni wameifunga kwa uzi, hawajaifuta. Mdogo wao akataa. Jirani alipoendewa alinyamaza kitambo, akakubali nusu ya deni na kuomba muda hadi bonasi ya chai. Nusu ya pili asema alikwisha lipa. Tumewaandikia tena juu ya ile rili ya saba.