Mipaka ya Kiapo: Gildi za Wafanyabiashara na Swali la Uadilifu katika Ulimwengu wa Kubuni

Utangulizi

Fasihi ya kifantasia, pamoja na michezo ya masimulizi iliyochipuka kutokana nayo, aghalabu huchukuliwa na wahakiki kuwa uwanja wa mazimwi, wachawi na mapanga. Mtazamo huo una upungufu. Katika nyingi za dunia hizo za kubuni, anayeamua nani atakula na nani atalala njaa si mfalme wala mchawi, bali ni gildi, yaani chama cha wafanyabiashara au mafundi wa kazi moja waliofungana kwa kiapo. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali la kimaadili linaloibuliwa na vyama hivyo: je, kundi ambalo wanachama wake ni waaminifu baina yao laweza kuitwa adilifu, ilhali uaminifu huo unakomea mlangoni? Hoja itakayojengwa ni kwamba hatari ya gildi haitokani na kukosekana kwa maadili ndani yake. Inatokana na maadili yenyewe yanapowekewa mpaka.

Mji wa vinyago

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ndio uliouweka msingi wa utanzu unaohusika. Mshiriki mmoja huwa msimulizi mkuu. Waliosalia kila mmoja huvaa uhusika na kuamua matendo yake, na hadithi haina mwisho ulioandikwa kabla. Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi jambo hili si geni, maana fanani wa ngano naye huigeuza hadithi kulingana na hadhira. Tofauti ni kwamba hapa hadhira yenyewe ndiyo inayotenda, na kwa hivyo ndiyo inayobeba lawama.

Miongoni mwa mandhari mashuhuri ya mchezo huo ni Forgotten Realms, dunia iliyobuniwa na Mkanada Ed Greenwood na kutolewa kwa wachezaji mwaka 1987. Ndani yake umo mji wa bandari uitwao Waterdeep, wenye gildi nyingi zinazosimamia kazi karibu zote za mjini. Historia ya kubuni ya mji huu inasimulia kwamba baada ya kufa kwa mchawi Ahghairon, aliyekuwa ameanzisha utawala wa Mabwana wanaovaa vinyago, wakuu wa gildi walijitwalia madaraka. Haukupita muda wakaanza kupigana wao kwa wao, na wananchi wakawa nyasi chini ya miguu ya fahali. Hatimaye utawala wa Mabwana ulirejeshwa.

Yafaa kuzingatia mambo mawili. Kwanza, gildi hazikufutwa baada ya kushindwa. Ziliachwa ziendelee, kwa kuwa mji usingeweza kuishi bila kazi zao. Pili, waliorejea kutawala ni watu wanaoficha nyuso zao, isipokuwa mmoja anayejulikana waziwazi. Tena mmoja wa Mabwana hao wa siri, Mirt, ni mkopeshaji fedha. Kwa hivyo mji uliomwondoa mfanyabiashara kwenye kiti cha enzi ulimkaribisha tena akiwa amefunikwa uso. Swali la nani amwajibikie nani halikujibiwa. Lilivishwa kinyago tu.

Haki ya wanyang'anyi

Msingi wa kifalsafa wa tatizo hili ni wa kale. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamwonyesha Socrates akihoji kwamba hata genge la wanyang'anyi haliwezi kufanikiwa iwapo wanachama wake watadhulumiana. Kwa Socrates hiyo ilikuwa sifa ya haki: kwamba ina nguvu kiasi cha kuhitajiwa hata na wasio haki. Lakini hoja hiyo ina upande wa pili unaotisha. Ikiwa haki ya ndani ndiyo inayolipa genge nguvu, basi kadiri wanyang'anyi wanavyotendeana haki ndivyo wanavyozidi kuwa hatari kwa wapita njia.

Gildi si genge la wanyang'anyi, na mhakiki atakosea akilichukulia suala hili kwa wepesi. Gildi za Ulaya ya zama za kati, ambazo ndizo kielelezo cha zile za kubuni, zilikagua ubora wa bidhaa, zilifundisha vijana kazi, zilizika wanachama wao na kuwasaidia wajane. Haya ni mema ya kweli. Hata hivyo mema hayo yalikuwa na orodha ya majina. Asiyekuwa mwanachama hakuruhusiwa kufanya kazi ile mjini, hata akiwa fundi hodari. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alitoa tahadhari kwamba watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa burudani, pasi na mazungumzo yao kuishia katika njama dhidi ya umma.

Historia yatoa ushahidi mchungu zaidi. Mwaka 1284 miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani iliyokuja kujulikana kama Hansa iliizuilia Norway nafaka kwa sababu ya ugomvi wa kibiashara. Njaa ikaingia, na mwaka uliofuata mfalme akalazimika kukubali masharti. Hakuna upanga uliohitajika kumshinda mkulima wa Norway; ilitosha kwamba wafanyabiashara walitimiza ahadi yao ya kusimama pamoja. Methali isemayo kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, haikueleza nguvu hiyo ataelekezewa nani.

Nguvu bila dhima

Riwaya ya Dune ya Frank Herbert, iliyochapishwa mwaka 1965, inalipeleka suala hili mbali zaidi. Humo kuna gildi inayohodhi usafiri wote baina ya sayari. Wanamaji wake hutumia kiungo adimu kinachopatikana katika sayari moja tu ya jangwa, na kwa msaada wake huona njia salama angani. Gildi hiyo haitaki kutawala, kwani anayetawala hulaumiwa. Inapendelea kuwategemeza watawala na kuwatoza nauli. Lakini mtu anapotokea mwenye uwezo wa kukiangamiza kiungo, gildi yenye nguvu kuliko zote husalimu amri. Kwa kuchagua daima njia isiyo na hatari, imejifanya mtumwa wa kile inachokitegemea. Hapa Herbert anadokeza kwamba kuikwepa dhima hakumpi mtu uhuru.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri hadi angani ili kuelewa tofauti kati ya nguvu na dhima. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 ili itawale na kufanya biashara kwa pamoja. Gharama zilipozidi mapato, ilijiondoa Uganda, na kufikia mwaka 1895 eneo ambalo leo ni Kenya likawa chini ya serikali ya Uingereza moja kwa moja. Utawala wa kikoloni uliofuata haukuwa wa haki zaidi, na hiyo siyo hoja. Hoja ni kwamba mfanyabiashara akipata hasara hufunga duka; watu aliokuwa akiwatawala hawana pa kufungia maisha yao.

Kutoka mfanyabiashara hadi bepari

Katika fasihi ya Kiswahili suala hili lina mzizi wake. Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa anwani ya awali aligeuka kuwa mabepari wengi, na neno la kazi likawa neno la hukumu. Uteuzi huo unaweza kukosolewa kwa kuwa unamtia Antonio na Shylock katika kapu moja. Hata hivyo unafichua ukweli ambao anwani ya Kiingereza inauficha: anayeshtakiwa si mtu mmoja, ni utaratibu. Antonio mwenyewe anakiri kwamba mtawala wa Venisi hawezi kuuvunja mkataba wa ratili ya nyama, kwa sababu mji unaishi kwa imani ya wafanyabiashara wa mataifa yote. Sheria inaiheshimu hati hata pale hati inapodai moyo wa mtu.

Uhakiki wa kitabaka umetumia neno bepari kwa manufaa makubwa. Lakini neno hilo peke yake halitoshi kuieleza gildi, kwani bepari huhukumiwa kwa tamaa yake, ilhali mwanagildi anaweza kuwa hana tamaa hata kidogo. Anaweza kuwa mtu mpole, anayetimiza neno lake kwa wenziwe. Hapo ndipo penye ugumu.

Mfano utafaa. Katika mchezo, gildi inawaajiri wahusika wausindikize msafara wa nafaka hadi mji wa mbali. Njiani wanafika kijiji chenye njaa. Kiongozi wa msafara si katili. Aliapa kwamba kila gunia litafika, na wajane wa gildi wanaitegemea faida yake. Mchezaji afanye nini? Akiyafungua magunia, amevunja ahadi. Akipita, ameitimiza ahadi mbele ya watoto wanaokufa. Riwaya ingemwamulia msomaji, naye angebaki kuhuzunika kwa mbali. Mchezo unamnyima faraja hiyo: lazima aseme, mbele ya wenzake, atatenda nini.

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba magunia yafunguliwe, na kwamba mchezaji asijidanganye kuwa hakuvunja kitu. Ahadi ni tunu, na wajane wanastahili fidia. Lakini ahadi iliyowekwa baina ya wawili haiwezi kufuta haki ya wa tatu ambaye hakuulizwa. Kiapo humfunga aliyeapa. Hakimwondolei mwenye njaa utu wake.

Hitimisho

Imebainika kwamba gildi ya kubuni si pambo la mandhari. Ni chombo cha kupimia kama wema wenye mipaka bado ni wema. Waterdeep imeonyesha kwamba kubadilisha watawala bila kuwafunua nyuso hakuleti uwajibikaji. Dune, kwamba anayeikimbia dhima hukimbilia utumwa. Norway, kwamba mshikamano waweza kuua. Gildi adilifu, kama yaweza kuwapo, ni ile ambayo mlango wake una sikio upande wa nje: inayokubali kwamba asiye mwanachama ana haki ya kuhoji daftari lake na kushtaki mbele ya hakimu asiyekula kiapo chake. Ni vyema wahakiki wa Kiswahili waikaribie fasihi hii wakiwa na swali hilo mkononi, wala wasiiache kwa wapenzi wa mazimwi peke yao.